Niliomba Wateja, Nikaletewa Waombolezaji

Hapana, sijafilisika. Kaeni vizuri, msininyooshee shingo kama bata waliosikia pumba. Hamjauliza bado, lakini swali nimeshaliona kwenye macho yenu tangu naingia mlangoni: Bibi Tekla alikuwa na fremu ya duka kule Ruangwa mjini, ina kibao, ina taa, sasa mbona yuko hapa Marambo tena, na chungu chake kilekile, kwenye kibanda chake kilekile cha nyasi? Kafilisika huyo. Sijafilisika! Nimeokolewa! Asifiwe Yeye aliyenitoa mjini na meno yangu yote yaliyobaki!

Mbona amina yenu imelegea? Jumapili ile ndugu yetu alishuhudia kapata pikipiki, amina ikatikisa bati. Mwingine akashuhudia kajenga, mkaruka mpaka vumbi likaingia kwenye kinanda. Mie nasema nimerudi kwenye chungu, mnaguna. Basi ndo maana nimesimama leo. Na wewe Mchungaji usiangalie saa. Umesema dakika chache, nimesikia, lakini mie saa sijui kuisoma, kwa hiyo hatuna ugomvi.

Ndugu zangu, wenyeji mnanijua, nasema kwa ajili ya wageni. Mie ni Mmwera wa hapahapa. Shule niliiona kwa nje, nikipita na mzigo wa kuni kichwani. Kazi yangu ni ming'oko. Kama kuna mtu hapa hajala ming'oko, namwombea. Ni viazi vya porini, vyembamba, tunavichimba msituni kiangazi, tunavichemsha mpaka maji yakauke, unamenya, unachovya kwenye chumvi na pilipili, unasahau madeni. Mvua ikishika, ming'oko inachipua, haifai tena kwa kula. Hapo chungu nakifunika, nashika jembe kama watu wote. Kiangazi kikirudi nakifunua. Hivyo ndivyo alivyofanya mama yangu, na mama yake.

Na mama alinifundisha kuchimba. Ukimchimba mng'oko, kile kichwa cha juu kinachoshikia kamba yake ya kutambaa hukichukui. Unakirudisha shimoni, unakifukia, unaupigapiga udongo polepole kama unabembeleza mtoto alale. Mwakani ukienda unamkuta mwenyeji yupo. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Basi kila kiangazi ua wangu ulikuwa hivyo: chungu jikoni, mkeka chini, ungo katikati, na watu. Mtu akija kununua hapewi kwenye mfuko akaondoka kama mwizi. Anakaa! Anakula, anasema habari za kwao, namtania, anacheka, ndo analipa. Asiye nacho anakula, ataleta siku nyingine, kuku au mchicha au maneno. Aliyekuwa hakosi ni Bi Somoe. Yule pale nje dirishani, mwenye mtandio wa kijani, mnamwona? Ni Mwislamu wa watu, hakuja kuokoka, kaja kuhakikisha nitamsema vizuri. Sikusemi vizuri ng'o! Bi Somoe ni Myao, mie Mmwera, ni watani. Wageni, mtani ni mtu anayeweza kukutukana mchana kweupe, akachukua sufuria lako akaenda nalo, akaja msibani kwako akacheka mbele ya maiti, na wewe huna ruhusa hata ya kununa. Miaka yote hiyo ananiita "mtumwa wangu wa jikoni," na mie namwita "Myao aliyesahauliwa na msafara." Tumezeeka hivyo. Anayetuonea huruma hatujui.

Halafu kuna Mama Kabula. Huyu ni Msukuma, walikuja na ng'ombe wao kutoka kule ziwani yeye na mumewe. Mnajua wenyewe walipofika tulivyowapokea. Tuliwaangalia kama nzige. Siku ya kwanza alisimama mbali na ua wangu, mrefu kama mnazi, kibuyu cha maziwa kichwani. Wao mama wanamwita mayo. Akaniuliza kwa ile sauti yao ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto: "Mayooo! Hizo ni dawa?" Nikamwambia ni dawa ya njaa, kaa. Akakaa. Alipoonja akasema, "Mayo, hii dawa inaponya." Tangu siku hiyo maziwa yanakuja kwangu, ming'oko inakwenda kwake. Na jambo moja lazima mlijue kuhusu yule mama: hana utani. Kabisa! Ukimwambia kitu, kwake ni hivyohivyo kilivyo. Ukimwambia mwezi umeanguka kisimani, atakwenda na kamba.

Mwaka mmoja ng'ombe wake waliingia kwenye ufuta wa Bi Somoe. Mnajua ufuta ulivyo kwetu, mtu akiuawa na ng'ombe utaambiwa ni bahati mbaya, ufuta ukiliwa ni vita. Watu walishashika mafimbo. Nikawaita wote wawili kwenye mkeka wangu, nikaweka ungo katikati. Nikasema kwanza kuleni, atakayemaliza fungu lake ndo aanze kusema. Ndugu zangu, mtu anayemenya mng'oko mikono yake yote ina kazi, na mdomo wake umejaa! Atapiga fimbo kwa nini, kwa pua? Mpaka ungo unaisha, walishakubaliana fidia ya ndama mmoja. Hayo nasema ili mjue ua wangu ulikuwa kitu gani, kabla sijawaambia nilivyouacha.

Ilianza na semina. Alikuja dada mmoja pale ofisi ya kata, mzuri, kavaa viatu vinavyolia ko ko ko, akatukusanya akina mama wenye biashara za nyumbani. Sauti yake hii hapa: "Maaama zangu! Biashara isiyokua, imekufa! Semeni imekufa!" Tukasema imekufa. "Haya, nataka kila mama aniambie, mafanikio kwako ni nini?" Basi wenzangu wakaanza. Mmoja fremu ya barabarani. Mwingine gari la mizigo. Mwingine nyumba ya bati la rangi na geti. Zamu yangu ikafika. Nikasema mafanikio kwangu ni chungu kiishe kabla jua halijasimama kichwani, na watu wawe wamecheka.

Wakacheka kweli. Hata yule dada alicheka, akanishika bega. "Mama yangu, hiyo siyo biashara, hiyo ni kujifurahisha. Wewe ndoto yako ni ipi?" Nikamjibu ukweli, jana yake nilikuwa nimeota nakimbizwa na nguruwe. Ukumbi ukalala chini kwa kucheka. Na mie nikacheka nao, mnanijua. Lakini njiani kurudi, ndugu zangu, kicheko kile nilikuwa bado nakisikia nyuma yangu. Mie ndo huwa ninachekesha watu. Siku ile nilikuwa nimechekwa. Ni vitu viwili hivyo.

Na hapa kanisani, nisameheni, hamkunisaidia. Kila Jumapili ushuhuda: Bwana kanipandisha, Bwana kanipanua, Bwana kaniongeza. Mie nikikaa pale nyuma nasema Bwana, mbona mimi umenisahau kwenye saizi ileile? Nikaanza kuona haya na chungu changu. Mtu akija kula nasema "samahani, hapa padogo." Padogo! Ua ule ulimaliza vita ya ufuta, mie naomba samahani kwa sababu ni padogo.

Mwanangu Osmundi, yuko Ruangwa, anauza simu na vikorokoro vyake pale mjini. Mtoto mwema, msimfikirie vibaya. Alisikia mama yake kaaibishwa semina, akapanda gari akaja. Anavyosema Osmundi: "Maza, achana na mambo ya mkeka. Huku tunakwama, twende mjini tukatoboe. Nimeshakuwekea fremu, kibao nimeshachora." Nikamwuliza kibao kimeandikwa nini, maana sijui kusoma. Akasema, "Bibi Ming'oko Fudi Pointi." Mwe! Nikajiona nimekuwa kituo cha mabasi.

Nikaenda. Sikulazimishwa, naweka wazi. Nilitaka na mie Jumapili moja nisimame hapa niseme nimepanuliwa, bati litikisike.

Bi Somoe siku naondoka alikuja kunichukulia mchi. Nikamwambia rudisha. Akasema, "Marehemu hana haja na mchi." Nikacheka, nikapanda gari. Mtani husema tu, nani atamsikiliza?

Ndugu zangu, mjini mambo yalikwenda! Hilo ndilo watu hawaelewi. Mngekuja mngesema Tekla kafanikiwa. Watu walikuwa wananunua asubuhi mpaka jioni. Nilivaa aproni ina picha yangu kifuani, yaani mimi na mimi mwingine mdogo, tunatazama wateja. Lakini hakukuwa na mkeka. Osmundi alisema, "Maza, watu wakikaa wanaziba. Mteja achukue asepe." Basi mteja anakuja, haangalii uso wako, anaangalia simu yake. "Bibi, weka ya buku." Naweka ya elfu. Anachukua, anasepa. Habari za nyumbani? Hakuna. Mtoto kapona? Hata sijui kama ana mtoto. Siku moja kaja kijana kakonda, suruali imeshuka, nikamwambia mjukuu wangu, hiyo suruali umeikimbia au imekukimbia? Alikasirika! Osmundi akanivuta ndani. "Maza, usitanie wateja. Unaniharibia brendi."

Nikanyamaza. Mie! Mimi ninayewaigiza wote hapa, mpaka Mchungaji anapopiga chafya namwiga, nikakaa miezi sina sauti ya mtu yeyote mdomoni. Ikafika mahali hata yangu mwenyewe nikawa siisikii. Kichwa kinauma, moyo unadunda kama mchi ule aliochukua Bi Somoe. Nikaambiwa presha. Mwanangu akaninunulia feni. Presha na feni wapi na wapi?

Ibada nikaacha. Siyo kwa kukataa, fremu haifungwi Jumapili, ndiyo siku ya wateja. Ua wangu huku Marambo ukaota majani. Nilikuwa nasikia tu habari. Kwamba Mama Kabula alikuja na maziwa wiki nzima, anakuta jiko limepoa, anarudi nayo. Kwamba ng'ombe waliingia tena shambani kwa mtu, safari hii hapakuwa na mkeka, wakapelekana mpaka polisi.

Na kuchimba je? Mie siwezi tena kwenda msituni niko dukani, basi Osmundi akaweka vijana wachimbe huko Chinongwe, wanaleta kwa viroba. Siku hiyo nimeinama namwaga kiroba kwenye beseni. Nikaona vichwa. Vichwa vya ming'oko, ndugu zangu! Vimekuja vyote, vimo humohumo kwenye kiroba. Hawakurudisha hata kimoja. Niliwauliza mbona mmeleta na vichwa, mwakani mtachimba nini? Mmoja akanijibu, "Bibi, mwakani tutahamia pori lingine."

Nikakaa chini sakafuni. Nikavichambua vile vichwa kimoja kimoja, nikaviweka kwenye aproni yangu, juu ya ile picha yangu. Nikajiona na mimi nimo kwenye kiroba kile. Nimeletwa mjini na kichwa changu.

Hapo ndipo nilipoomba. Ilikuwa Jumapili asubuhi, nyinyi mko hapa mnaimba, mie nimesimama na mwiko. Sala yangu haikuwa nzuri, sikupiga magoti, sufuria lingeungua. Nilisema: Bwana, mie sielewi. Kama huku ndiko kufanikiwa, basi nijazie wateja, wajae mpaka barabarani, ili nijue ni Wewe. Na kama siko, nisemeshe. Tumia mdomo wowote, hata wa mtu asiyejua adabu. Lakini sema kwa sauti maana masikio yangu unayajua. Amina. Nikageuza ming'oko.

Ndugu zangu, mwangalieni Mungu wetu! Kesho yake tu! Jumatatu, jua limechangamka, naona watu wanajaa. Barabara imejaa kweli! Nikasema asante Bwana, wateja hao. Halafu nikasikia kilio.

"Uwiii! Tekla weee! Umetuachia nani jamani! Jiko limepoa, uwiii!"

Nilimjua kwa sauti kabla sijamwona. Bi Somoe! Kajifunga khanga kiunoni, mtandio kichwani namna ya kufiwa, mikono kichwani, nyuma yake akina mama wa Marambo gari zima, wanalia huku wanacheka. Wakaja wakatandika mkeka mbele ya fremu yangu, mkeka wangu mwenyewe, alikuwa ameutoa nyumbani! Wakakaa matanga. Watu wa mjini wakasimama, pikipiki zikasimama, wauza nyanya wakaacha nyanya zao. "Nani kafa?" "Bibi wa ming'oko." "Lini? Jana si alinipimia?" Bi Somoe akasimama kusoma wasifu, na hajui kusoma kama mimi, kashika khanga mkononi kama karatasi. "Marehemu alikuwa mtu wa watu! Alikuwa na mdomo mbaya kuliko nyoka, Mungu amrehemu! Alikula kuku wangu, hakulipa! Ua wake ulikuwa haukosi watu, leo umeota majani mpaka sungura wamehamia! Marehemu ameacha aproni!"

Waliokuwa wanasikiliza walikuwa wanashika mbavu. Osmundi katoka dukani kwake anakimbia, jasho linamtoka. "Bi Somoe, jamani, ma'mkubwa, mnafanya nini? Mnaniharibia!" Bi Somoe akamkumbatia akamlilia begani. "Pole yatima wangu."

Na mie nimesimama mlangoni, mwiko mkononi. Nilitaka kucheka. Ni utani, ni haki yake, na ulikuwa mzuri, nisiseme uongo. Ningecheka, ningempa sufuria moja aende nalo kama mila inavyotaka, wangekula wangeondoka, na mie ningerudi ndani kupima ya buku. Tungebaki palepale. Kwa Bi Somoe peke yake nisingetoka, kwa sababu maneno ya mtani yana mlango wa nyuma, unaweza kutokea kwenye kicheko.

Lakini katikati ya wale akina mama kulikuwa na mmoja anayelia kweli.

Mama Kabula. Bi Somoe alipopita kijijini anatangaza, "Twendeni Ruangwa, Tekla kafa, tukamlilie," wenyeji wote walicheka wakafunga khanga. Yeye mambo ya Mmwera na Myao angeyajulia wapi? Alisikia nimekufa, akajua nimekufa. Alikamua, akajaza kibuyu, akachukua na debe la mahindi la rambirambi, akaingia kwenye gari. Njia nzima kutoka Marambo analia. Na Bi Somoe, mnajua alifikiri nini? Alifikiri yule mama hatimaye kaujua utani wetu, na anaucheza vizuri kuliko wote! Eti anampiga mgongoni, "Lia, lia mwanangu, hivyohivyo!"

Basi mie nikatoka mlangoni. Mama Kabula akainua uso. Macho mekundu, kamasi zinatoka, debe la mahindi kapakata kama mtoto. Akaniona. Hakupiga kelele. Hakukimbia kama amemwona mzuka. Alisimama polepole, ule urefu wake wote, akaja akanishika shavu kwa kidole, akalibonyeza hivi, kama anavyobonyeza papai. Akanusa aproni. Akaiangalia ile picha kifuani, akaniangalia mimi. Bi Somoe akakata kilio katikati. Halafu Mama Kabula akasema neno moja. Kwa ile sauti yao ya ng'ambo ya mto, bila utani, bila hasira, anauliza kabisa anataka kujua.

Neno hilo nitalisema mwisho. Tulieni. Mkishalisikia mtaondoka, nawajua.

Lilipotoka, ndugu zangu, nikauweka mwiko chini. Osmundi akalitazama lile debe la mahindi. Halafu akachukua stuli, akapanda, akakifungua kile kibao mwenyewe kwa mikono yake. Hakuna aliyemwambia. Akashuka akasema, "Maza, twende nikusindikize." Nikavua aproni nikamvalisha Bi Somoe, ndo sufuria lake hilo, achukue. Mpaka leo analimia nayo, ndege wakiiona sura yangu hawagusi mtama.

Tulirudi siku ileile, kwenye gari la waombolezaji. Nimekaa katikati, marehemu mwenyewe, tunaimba. Vichwa vyangu vya ming'oko nimevibeba kwenye khanga. Kesho yake sikuwasha jiko. Nilikwenda msituni na Bi Somoe na Mama Kabula, tukachimba vishimo, tukavirudisha kimoja kimoja, tukavipigapiga migongo. Vingine havikuota, vilishakauka. Vingine vimeota. Mwaka huu mmekula.

Sasa niambieni nimefilisika. Nipo kwenye kibanda changu. Chungu kikiisha kimeisha, sina cha pili, na mtu akichelewa namwambia kesho uamke. Mvua ikija ninafunika, nalima. Presha imetafuta mtu mwingine. Osmundi anakuja mara kwa mara, anakaa kwenye mkeka, simu anaizima, naona mwenyewe, halafu anakula mpaka nambania. Wale waliopelekana polisi kwa ajili ya ng'ombe, mwezi jana walikaa kwangu ungo mmoja, hawasalimiani, lakini wanagombania pilipili. Ndo inaanza hivyohivyo.

Na yule dada wa semina karudi! Kaja na viatu vyake ko ko ko mpaka uani, amesikia habari. "Mama yangu, ikawaje? Malengo yamefikia wapi?" Nikamwambia vua viatu, kaa. Akakaa. Akala. Akanyamaza, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Baadaye akaanza kutusimulia habari za mama yake, kule kwao, akalia kidogo, akacheka. Alipoondoka jua lilikuwa halijasimama kichwani, na chungu kilikuwa tupu. Mafanikio kwangu ni nini? Nilishamjibu tangu siku ile mbele ya watu. Jibu langu lilikuwa sahihi, nilichokosa ni kulisimamia.

Naringa! Ndiyo, naringa, Mungu anaona. Wanaopanuliwa wapanuliwe, nitawapigia vigelegele, na pikipiki ya ndugu yetu nitaipanda akinibeba. Lakini wewe uliyekaa pale nyuma na ususi wako, na vitumbua vyako, na kuku wako, unaona haya kwa sababu Bwana kakuacha kwenye saizi yako, nakuambia simama. Mwulize Yeye kakupa nini, usimwulize jirani. Mwamini. Akitaka kukusemesha hakosi mdomo. Mimi niliomba wateja akaniletea waombolezaji, na sijawahi kupata wateja wazuri kama wale. Asante Mungu wangu! Asante kwa Bi Somoe aliyenizika kabla sijaoza, acha kujificha huko dirishani, nakuona unafuta machozi, Myao mkubwa wewe. Amina yenu sasa iko wapi? Eeeh! Hiyo imetikisa bati!

Haya Mchungaji, nakaa. Neno? Sijalisahau. Mama Kabula kanishika shavu, kanibonyeza, kaona nina joto. Akageuka kuwaangalia waliokuwa wanalia, akanigeukia tena. Akasema:

"Mayo, kama hujafa, mbona hauko kwako?"